Boksi la Meshi Atakalokuletea Anastazi

Solanji mwanangu,

Ya safari mama yako ameshakuambia yote, na mengine amekuambia mara mbili mbili: pasipoti uifiche wapi, mpakani Rusumo ushuke na mabegi yako usimwachie mtu hata akiwa na sura ya padri, mayai ya kuchemsha ya barabarani usiyaguse. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninakuandikia kwa sababu ya jambo moja tu, ambalo nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, na sitaki uondoke na sauti hiyo masikioni.

Saa hii uko kanisani unaagana na wanakwaya wenzako. Mvua inapiga mabati ya atelye, karakana yetu, drili nimeizima, na nimekaa juu ya ile ndoo ya rangi uliyokuwa ukiniambia kila siku niitupe. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika kule Karagwe nilikokulia. Kinyarwanda changu ni cha mdomoni, na hata hicho wewe hukicheka.

Kesho asubuhi Anastazi atakuja stendi ya Nyabugogo kukuaga. Ni baba yako wa ubatizo, mama yako amemwalika, nami sikupata njia ya kukataa. Atakuja na lile koti lake la kahawia, atakushika mabega, atakuita mama mkubwa kama alivyokuita tangu hujajua kutembea, kisha atakupa boksi. Najua kilichomo kwa sababu alimwambia mama yako kwenye simu. Ni meshi za drili, seti nzima, kuanzia nyembamba kama njiti ya kiberiti hadi nene kama kidole. Huko Singida nadhani mtaziita biti. "Mtoto anakwenda kutengeneza mashine za kukamua alizeti," alisema, "atatoboa chuma mchana kutwa. Mimi nimpe nini kingine?" Mama yako alifurahi sana. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta ufunguo.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini siendi tena Remera dukani kwake. Nikakuambia foleni ya magari. Mara nyingine nikakuambia magoti. Ulinitazama kama mtu anayejua anadanganywa, ukaniitikia kwa heshima yako. Basi leo nakuambia.

Mimi na Anastazi tulikulia ua mmoja kule Karagwe. Wazazi wetu walikuwa wakimbizi, wakilima mashamba ya watu, na sisi wawili tulipelekwa pamoja shule ya ufundi. Tulijifunza chuma kwenye benchi moja, tukitumia tupa moja. Hili ulishike vizuri: Anastazi anakijua chuma kama ninavyokijua mimi. Ulipofika wakati wa kurudi huku, tulirudi kwenye lori moja. Mimi nikashika kuchomelea, yeye akashika biashara, akafungua kenkayeri yake, duka la misumari na rangi na bawaba. Hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Nilipomwoa mama yako alinipa ng'ombe. Wewe umezaliwa mjini, umeona ng'ombe wakitajwa harusini watu wakipiga makofi, ukadhani ni maneno ya sherehe. Si maneno ya sherehe. Kwetu mtu akikupa ng'ombe amekufunga kwake na amejifunga kwako. Ukishtuka, jina lake ndilo linalokutoka. Ukiapa, unaapa kwa kuwa alikupa ng'ombe. Huwezi kumsema vibaya mbele za watu, na yeye hawezi kukuona unazama akapita njia. Yule ng'ombe, Bihogo, tulimpeleka kwa nyanya yako Bugesera, na maziwa uliyokunywa hadi ukaanza shule yalikuwa yake na ya mtamba wake. Sisemi hivi ili kumpunguzia Anastazi. Nasema kwa sababu ni kweli, na ndiyo inayonichoma zaidi.

Mwanzoni meshi zake zilikuwa nzuri sana. Moja niliinoa na kuinoa hadi ikabaki fupi kama kidole gumba, na bado ilikuwa inakula chuma. Nikawa namtangaza. Fundi yeyote wa hapa Gikondo aliyelalamika kuhusu vifaa nilimwambia, nenda Remera kwa Anastazi, sema nimekutuma mimi. Walikwenda. Mdomo wangu ulikuwa ndio bango lake, tena bango asilolilipia.

Halafu zikabadilika. Boksi lilikuwa lile lile, rangi ya dhahabu ile ile, herufi zile zile zimechongwa shingoni. Lakini ukiiweka kwenye chuma inaanza vizuri, halafu inalia, halafu inatoa moshi. Badala ya nyuzi za chuma zinazojikunja, inatoa unga. Ukiichomoa ncha imekuwa ya bluu, na meshi ikishakuwa bluu vile imekwisha, unoe usinoe. Nyingine hazikungoja hata kuwa bluu, zilikatika na kubaki ndani ya tundu, na kumtoa yule maiti humo ni kazi ya nusu siku.

Nilitafuta mchawi kila mahali isipokuwa kwake. Nikasema ni oili. Nikabadilisha oili. Nikasema ni umeme wa Gikondo unaopanda na kushuka. Nikaifungua drili yote, nikaitandaza kwenye gunia, nikabadilisha beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kisha nikasema ni wewe.

Unakumbuka. Ulikuwa likizo, tukitoboa flatbaa, vile vyuma bapa vya geti la parokia, na meshi ya tatu ikakatika mkononi mwako. Nilikuambia mbele ya wateja kwamba una mkono wa kuvunja, kwamba labda ujaribu kushona nguo. Uliweka miwani mezani, ukaenda kunawa, ukarudi ukachukua meshi nyingine ukaendelea kutoboa. Hukukosea kitu siku ile. Mkono wako ulikuwa umetulia kuliko wangu. Nisamehe mwanangu, nimechelewa sana kuyasema haya.

Sasa utaniuliza, wewe fundi mzima, mbona hukuzipima? Kuipima meshi ni jambo la kufumba na kufumbua. Unachukua tupa, unaipitisha kidogo kwenye ukingo wa mbele, pale panapokata. Ikiwa nzuri, tupa inateleza kama uko juu ya kioo. Ikiwa mbovu, tupa inauma na kuacha mkwaruzo. Kwenye mkia usipime, mkia wa hata iliyo nzuri huwa laini, na wauzaji wajanja watakuelekeza huko huko. Nilikuwa nayajua yote haya. Na tupa ndogo haijawahi kukosa kwenye mfuko wangu wa shati, wewe ni shahidi, mama yako ameshona mfuko ule hadi amechoka.

Siku moja nilikuwa dukani kwake, boksi jipya liko wazi juu ya kaunta. Mkono ukapanda wenyewe hadi mfukoni. Anastazi akautazama. Hakupandisha sauti.

"Unanipima, Baba Solanji?"

Mtu aliyenipa ng'ombe. Mbele ya mkewe, mbele ya wateja. Mkono ukatoka na leso badala ya tupa, nikajifuta jasho ambalo halikuwepo. Nikasema, "Nakupima wewe kwa lipi?" Tukacheka, nikabeba boksi langu nikaondoka. Nimekosea mengi maishani, nimechomelea bawaba juu chini na kumpa jirani geti lisilofunguka, lakini hakuna kosa ninalolirudia kichwani kama leso ile.

Na boksi lile ndilo nililopanda nalo mtaa wa Kiyovu. Kuna mama mmoja mzee kule, nyumba yake ya zamani, bustani kubwa, alitaka vizuizi vya stenlesi kwenye baraza ya juu ambako wajukuu wake huchezea. Ilikuwa kazi ya heshima kuliko zote nilizowahi kupewa. Stenlesi, unajua mwenyewe, haitaki mzaha. Inataka meshi ya kobalti, mwendo wa polepole, mkono mzito na oili ya kutosha, na ukiiacha meshi isugue bila kukata, chuma kinazidi kuwa kigumu na kukucheka. Nilifanya yote hayo. Meshi zikatangatanga, matundu yakapanuka, nyingine zikakatikia ndani, nami nikafunga boliti hivyo hivyo nikiwa na aibu moyoni, nikijiambia nitarudi kurekebisha. Yule mama akaja kuangalia. Akashika kizuizi kwa mkono mmoja tu, mkono wa kikongwe, kikacheza.

"Fundi," alisema, "hii inacheza. Wajukuu wangu wataegemea hapa."

Hakunitukana. Angenitukana ningelala. Alinipa soda nikanywa nimesimama, kazi akampa mwingine.

Nilitoka Kiyovu nikaenda moja kwa moja Remera. Unajua kufanya nini? Kununua meshi nyingine. Bado nilikuwa namwamini, ona ujinga wangu. Duka lilikuwa limejaa, nikasimama nyuma ya rafu ya rangi kusubiri zamu. Mbele yangu alikuwa mhandisi mmoja kijana, kofia ya plastiki kwapani.

"Patron, weye iko na meshi ya stenlesi? Nataka ile iko nzuri kabisa, kazi ni ya kampuni."

Anastazi akainama chini ya kaunta, akatoa boksi. Boksi lile lile, Solanji, dhahabu ile ile.

"Hizi ndizo za kazi," akamwambia. "Zile za kabatini achana nazo, ni za mafundi wa Gikondo. Wao hawajui tofauti."

Hawajui tofauti. Mtu niliyenoa naye meshi kwenye jiwe moja, tukipokezana kumwagia maji, ndiye aliyelisema hilo, tena kwa sauti ya kawaida kama anataja bei ya misumari. Nikatoka nyuma ya rafu. Aliponiona hakushtuka hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko maneno yenyewe.

"Ah, Baba Solanji, umeingia lini?"

"Nipe za kazi," nikasema.

Akangoja yule kijana aondoke. Kisha akanivutia kiti, akaanza kunieleza kwa upole kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu. "Nikuambie ukweli. Ile nzuri nikikuuzia, unainoa, unainoa, mwaka unakwisha hujarudi dukani. Ninyi mafundi mnanoa hadi kivuli. Sasa mimi nitakula nini? Duka hili lina kodi."

"Nimeharibu kazi Kiyovu kwa ajili ya meshi zako. Mtoto wangu nimemwaibisha mbele za watu. Na wewe ulinipa ng'ombe."

Akaniwekea mkono begani. "Ndiyo maana nilijua hutakasirika."

Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii, na kila upande yanakata. Kumbe alishapiga hesabu. Wengine aliwauzia mbovu akiogopa kidogo kwamba watarudi kupiga kelele. Mimi aliniuzia bila hofu, kwa sababu Bihogo alikuwa amenifunga mdomo. Kile nilichodhani ni ulinzi wangu kwake ndicho alichonipakia mafuta kwa mgongo wa chupa. Halafu akainama tena, akatoa meshi moja nzuri, akanisogezea. "Chukua, hii bure." Niliiacha juu ya kaunta. Nilitembea kwa miguu kutoka Remera hadi Gikondo, kiatu kimoja kikinibana, na sikutaka kupanda chochote kwa kuogopa kwamba nitakutana na mtu anayenijua na kuniuliza habari za Anastazi.

Sikumwambia mtu isipokuwa mama yako. Ningesema nini? Mtu hamsemi aliyempa ng'ombe. Mama yako akasema, achilia, ni biashara tu. Lakini mafundi wenzangu walikuja kujua wenyewe, na hawakumlaumu Anastazi peke yake. Fundi wa atelye ya pili, unayemwita anko, aliniuliza akiwa anatabasamu, "Alikuwa anakukatia kiasi gani kwa kila fundi uliyempelekea?" Nilimwapia kwamba hakuna. Akasema sawa. Tangu hapo, nikimshauri mtu hapa anunue wapi hata sandpepa, ananiitikia vizuri kisha anaenda kwingine. Imani yao nayo alinichukulia, na sijui kama anajua.

Usidhani nakuandikia ili ukaishi kwa kushuku watu. Nimelijaribu hilo, halifai. Kwa muda mrefu nilipima kila kitu na kila mtu, nikawa najaribu noti kwenye mwanga mbele ya wateja waaminifu, mama yako akaniambia siku moja utaupitishia mkate tupa. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa peke yangu. Lakini lipo jambo moja ninaloliona sasa. Kama ningemtolea Anastazi tupa tangu boksi la kwanza kabisa, zile meshi zilipokuwa nzuri, tungecheka, ingekuwa ndiyo desturi yetu. Kila akileta mzigo angejua Baba Solanji anakuja na tupa yake. Labda ingemsaidia na yeye. Tulioneana haya, tukaiita heshima, na ndani ya heshima ile akapata pa kuficha boksi.

Basi huko uendako, ukipata rafiki, na Mungu akupe, mpime mapema mkiwa bado mnacheka.

Na meshi vilevile. Herufi zilizochongwa usiziamini peke yake, kuchonga herufi hata mimi naweza. Rangi ya dhahabu nayo ni rangi tu hadi ikuonyeshe kazi. Tazama ncha, kingo mbili ziwe sawa na katikati pawe katikati. Ikianza kukata, angalia kinachotoka. Ikiwa nzuri itatoa nyuzi mbili, moja kila upande, zinajikunja pamoja na kutoka taratibu, na hata sauti yake utaipenda. Nunua chache unazoziweza, uzinoe, kuliko kununua rundo la kutupa. Wewe unanoa vizuri kuliko mimi. Sijawahi kukuambia, lakini zile ulizonoa wewe nilikuwa nazificha nizitumie mwenyewe.

Ndani ya begi lako, chini ya viatu, nimeweka nne zilizobaki za zamani, zimefungwa kwenye kile kitambaa cha bluu cha ovaroli yako ya kwanza. Ni fupi, utaziona kama vichekesho, lakini anza kazi na hizo ili siku ya kwanza usiaibike mbele ya wageni.

Sasa kuhusu kesho. Anastazi akikupa boksi lake, lipokee kwa mikono miwili. Mkumbatie vizuri, mshukuru kama mtoto anavyomshukuru baba yake wa ubatizo, maana maziwa yale uliyanywa kweli. Usilifungue pale, na usiguse tupa. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni nikishughulika na mizigo, na ukiona sikutazami usoni wakati ule, usinifikirie vibaya.

Ukishafika Singida, ukishapumzika, lifungue. Chukua ile ya katikati. Tafuta flatbaa nene, weka oili, punguza mwendo, ubonyeze bila kuogopa, uangalie.

Ikitoa unga na moshi, itupe na wenzake wote, uendelee na kazi. Ukinipigia, niambie umefika salama, nisimulie hali ya hewa na chakula, la meshi usilitaje kabisa. Nitaelewa, na sitaumia zaidi ya nilivyokwisha kuumia.

Lakini ikitoa nyuzi mbili, Solanji, niambie. Hata kama ni usiku, hata kama mama yako atafoka. Sema tu kwamba zile za Anastazi zimetoboa. Nitajua kwamba Anastazi hakuweza kumfanyia mtoto wangu kama alivyonifanyia mimi, kwamba aliinama chini ya kaunta kwa ajili yako. Sijui kama hilo litatosha. Nadhani nitavaa shati safi niende Remera, nimsalimie, nikae kwenye kile kiti alichonivutia.

Ukishafika nitakuwa karibu na simu, na sitakuuliza.

Baba yako